Kutoka Kitongojini hadi Msamvu: Namna ya Kupata Fedha za Umma kwa Usafiri wa Watu Wenye Ulemavu

Ukienda halmashauri ukauliza fungu la usafiri wa watu wenye ulemavu liko wapi, jibu utakalopewa mara nyingi ni kwamba hakuna. Wengi hugeuzia hapo. Mama anayembeba mgongoni mtoto wa miaka 12 kushuka naye kutoka Nyandira siku ya kliniki, mzee wa Kinole anayetegemea magongo mawili kwenye njia ya utelezi, kijana wa mjini ambaye daladala humpita kwa sababu ya kiti mwendo chake: wote hubaki na jibu hilo, na maisha yao hupangwa kwa jibu hilo.

Ni kweli kwamba huenda usikute kasma yenye jina hilo. Lakini fedha zenyewe zipo. Zimo kwenye matengenezo ya barabara, kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwenye Mfuko wa Jimbo, kwenye miradi ya TASAF na kwenye zabuni za serikali. Kila moja ina mhusika wake na msimu wake. Anayeshindwa, kwa kawaida, hashindwi kwa kukosa haki. Hushindwa kwa kuomba jambo lisilopimika, kwa mtu asiyehusika, mwezi ambao bajeti imekwisha kufungwa.

Mwongozo huu ni wa watu wenye ulemavu, wazazi na walezi wao, na viongozi wa vikundi vyao katika Manispaa ya Morogoro, Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro na Mvomero, yaani halmashauri tatu zinazoizunguka milima ya Uluguru. Kabla ya kuanza, shika mambo mawili ya kisheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inahusu ufikikaji, usafiri ukiwemo. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, inayotambua haki ya mazingira yasiyo na vizuizi, barabara zikiwa humo. Huendi kuomba sadaka. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Hao ni walipa kodi na ushuru kama wengine.

Hatua ya 1: Chagua safari moja, uipime yote

Usianze na "usafiri wetu ni mbaya". Hakuna mhandisi anayeweza kuitia gharama sentensi hiyo. Chagua safari moja ambayo watu wengi wenye ulemavu wa eneo lenu wanaihitaji, kwa mfano kutoka kitongojini hadi hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Morogoro, au kutoka mtaani hadi shule. Kisha ifuateni pamoja na mtu mwenyewe anayeisafiri, hatua kwa hatua, mkiwa na futi kamba, daftari na simu ya kupigia picha.

Igawanyeni vipande: kutoka mlangoni hadi njia ya magari; kutoka hapo hadi kituoni; kupanda chombo; kukaa ndani; kushuka stendi ya Msamvu au sokoni; kutoka hapo hadi mlango wa huduma. Kwa kila kipande andikeni kizuizi, kipimo chake, na nani kinamkwamisha. Mtaro usio na kifuniko humkwamisha mwenye kiti mwendo na ni hatari kubwa zaidi kwa asiyeona. Kiziwi anaweza kuupita bila shida, ila akifika kituoni hasikii konda akitangaza kwamba gari limebadili njia. Mtu mwenye ualbino anahitaji kivuli kituoni na maandishi makubwa ubavuni mwa gari. Mkiandika kizuizi cha kundi moja tu, mtajenga njia ya kundi moja tu.

Vipimo vichache vya kukumbuka. Mteremko wa kiti mwendo unaokubalika kwa kawaida ni 1 kwa 12: kila sentimita 10 za kupanda zinahitaji mita 1.2 za urefu. Kibaraza cha kituo chenye kimo cha sentimita 30 kinahitaji basi mteremko wa mita 3.6, na nimeona miteremko mingi iliyojengwa kwa nusu ya urefu huo, ambayo mtu hawezi kupanda bila kusukumwa na wawili. Njia iwe na upana wa mita 1.2 angalau, viti mwendo viwili vikipishana vinahitaji mita 1.8. Mahali pa kugeuzia pawe na duara la mita 1.5.

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu milima. Kipimo cha 1 kwa 12 hakitawezekana kwenye njia nyingi za Tchenzema, Bunduki au Kolero, na ombi linalodai hivyo litawekwa kando na mhandisi kwa haki. Mlimani omba vitu vingine: zege yenye mikwaruzo kwenye vipande vikali vinavyoteleza wakati wa masika, kishikio cha mkono upande wa bondeni, ambacho kinamfaa mwenye magongo, mwenye uoni hafifu, mzee na mjamzito, daraja la waenda kwa miguu lenye kingo, na mahali pa kugeuzia gari karibu zaidi na makazi, ili umbali wa kubebwa upungue. Baiskeli ya matairi matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo wafadhili hupenda kuigawa mbele ya kamera, ni chombo kizuri kwenye tambarare za Kihonda. Ukimpa mkazi wa Mgeta, huko mlimani, umempa kitu cha kuegesha ukutani.

Hatua ya 2: Jua barabara ni ya nani

Maombi mengi hufia hapa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS. Barabara za wilaya na mitaa, pamoja na njia nyingi za vijijini, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Barabara ya Bigwa–Matombo–Mvuha ni ya TANROADS. Vivyo hivyo ile ya kutoka Sangasanga kupanda Langali hadi Kikeo, ambayo ndiyo mshipa wa Mgeta. Lakini njia inayoingia kijijini kutoka kwenye barabara hizo kwa kawaida ni ya TARURA, na kijia cha miguu kisichomo kwenye orodha ya barabara si cha yeyote kati yao: ni cha kijiji na halmashauri. Safari moja ya mtu mmoja inaweza kupita kwenye mamlaka hizo zote kabla hajafika Msamvu.

Kwa hiyo kwenye daftari lenu, mbele ya kila kizuizi, andikeni jina la mwenye nacho. Mtendaji wa kijiji au kata anaweza kuwasaidia, na ofisi ya meneja wa TARURA wa wilaya inayo orodha ya barabara zake. Vituo vya daladala na stendi ni vya halmashauri. Leseni za vyombo na nauli ni za LATRA, mamlaka ya usafiri ardhini. Reli ya kisasa ni ya Shirika la Reli, TRC.

Kuhusu reli hiyo, neno moja. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kwa wengi wenye ulemavu ni nafuu kubwa kuliko basi lenye ngazi nyembamba mlangoni. Lakini stesheni iko Kihonda, nje ya katikati ya mji. Safari ya kutoka stesheni hadi nyumbani inabaki mikononi mwa bajaji, bodaboda na daladala. Fedha nyingi zimewekwa kwenye reli. Kipande cha mwisho bado kinadai chake, na ni halali kabisa kukidai kwenye bajeti ya Manispaa.

Hatua ya 3: Andika ombi ambalo mhandisi anaweza kulitia bei

Ombi zuri linatosha ukurasa mmoja, likiambatana na picha mbili tatu. Linataja mahali, kipimo, kazi inayotakiwa, watumiaji na mwaka wa fedha. Mfano, wenye takwimu za kubuni tu kuonyesha namna:

"Mkutano Mkuu wa Kijiji unaomba TARURA iingize katika bajeti ya mwaka wa fedha ujao kazi zifuatazo kwenye njia ya kutoka zahanati hadi barabara ya magari: kumwaga zege yenye mikwaruzo mita 60 kwenye kipande chenye mteremko mkali, upana mita 1.5, kufunga kishikio cha chuma upande wa bondeni, kufunika mtaro mita 8 mbele ya zahanati. Watumiaji wenye ulemavu ni 14, wakiwemo wanafunzi 3. Njia hii hutumiwa pia na wajawazito na wazee wanaohudhuria zahanati."

Sentensi ya mwisho msiiache. Diwani anayebishana na wenzake juu ya fedha chache anahitaji kuonyesha kuwa kazi hiyo inagusa nyumba nyingi, na kwa kweli inagusa.

Kama kuna kazi iliyokwisha kupangwa karibu na hapo, ungeni ombi lenu nayo. Kufunika mtaro wakati mkandarasi yuko kazini, kokoto na saruji zikiwa zimekwisha kufika, ni gharama ndogo. Kumrudisha mwaka mwingine kwa kazi hiyo hiyo ni gharama kubwa, na ndiyo sababu haifanyiki. Barabara ya Bigwa–Matombo–Mvuha, yenye kilomita 78, imo katika mipango ya lami. Vijiji vilivyo kandokando yake viwe na maombi yao mkononi kabla michoro ya vituo na mitaro haijakamilika. Vivyo hivyo mjini: Morogoro ni kati ya miji 45 iliyomo katika mradi wa TACTIC, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kusimamiwa na TARURA. Miradi ya aina hii hufanya mikutano ya kusikiliza wananchi kabla ya ujenzi, na ina madawati ya kupokea malalamiko. Ulizeni tarehe, mwende, na mwandike majina yenu kwenye orodha ya mahudhurio. Msiitie sahihi orodha hiyo kama hamkupewa nafasi ya kusema.

Hatua ya 4: Ingia kwenye kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Watu wengi hupeleka maombi Mei au Juni, wakisikia Bunge la bajeti redioni. Wakati huo mipango ya halmashauri imekwisha kupita Dodoma. Msimu wenu ni Oktoba hadi Februari.

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Vipaumbele huibuliwa kwenye vitongoji, vijiji na mitaa kwa utaratibu uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vinapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti. Kutoka hapo wataalamu wa halmashauri huviunganisha, kamati za madiwani huvipitia, na Baraza la Madiwani huidhinisha bajeti karibu na Januari au Februari. Kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha Dodoma. TARURA nayo huandaa mpango wake kwa kusikiliza vipaumbele vya halmashauri. Ombi lililoruka ngazi ya kijiji linaweza kuulizwa: muhtasari uko wapi?

Muhtasari ndio kila kitu. Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi 3. Wiki mbili kabla, nendeni kwa mwenyekiti na mtendaji mkaombe ajenda yenu iingizwe kwenye barua ya mwaliko. Mambo yanayoibuka chini ya "mengineyo" jioni, watu wakiwa wamechoka, hayana uzito. Siku ya mkutano asimame mtu mwenye ulemavu mwenyewe, aeleze safari ile moja mliyoipima. Asisimame mfadhili, wala mtu wa shirika kutoka mjini. Baada ya kupitishwa, ombeni nakala ya muhtasari yenye sahihi na muhuri, na mwakilishi wenu aifuatilie hadi kwenye kikao cha kata.

Mkutano wenyewe nao lazima ufikike. Kama unafanyika kwenye uwanja wa shule ulio juu ya mteremko, ombeni kwa maandishi uhamishwe siku hiyo. Kama kuna viziwi, ulizeni mapema kwa Afisa Maendeleo ya Jamii au Afisa Ustawi wa Jamii kuhusu mkalimani wa lugha ya alama; mkimkosa, mwalimu mwenye ujuzi huo au ndugu anayeelewana vizuri na mhusika atafaa kwa siku hiyo, lakini ukosefu huo uandikwe kwenye muhtasari. Sheria ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu tangu ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa. Ulizeni ya kwenu ina wajumbe gani na ilikutana lini mara ya mwisho. Kama haipo, kuiunda liwe ombi lenu la kwanza, kwa maana kamati inaandikiwa barua na kuitwa vikaoni, wakati mtu mmoja huambiwa aje kesho.

Waluguru wana kumbukumbu ya miradi iliyoamuliwa bila kuwauliza wanaoitembea milima hii. Mwaka 1955 wakulima waliyakataa matuta ya ngazi yaliyoamriwa na serikali ya kikoloni, na Matombo ikawa kitovu cha upinzani huo. Wataalamu walikuwa na hoja zao kuhusu mmomonyoko, lakini hawakusikiliza wenye mashamba. Leo mhandisi anayechora kituo cha basi bila kumuuliza mtu wa kiti mwendo anarudia kosa lile lile kwa nia njema, na matokeo yake ni zege isiyotumika.

Jambo moja linalowaumiza watu wa vijijini: makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro yako Mvuha, na ya Mvomero yako Mvomero. Mkazi wa Mgeta, upande wa Mvomero, mwenye ulemavu anayetaka kuonana na mkurugenzi wake hushuka hadi Sangasanga, apite mjini Morogoro, kisha atoke tena upande wa barabara ya Dodoma. Huko ni kumtoza nauli kubwa mtu anayekwenda kulalamikia usafiri. Kwa hiyo barua zipitie kwa mtendaji wa kata, agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu, na mkumbushie kwa simu. Mwombeni mheshimiwa diwani azibebe mwenyewe anapokwenda kwenye Baraza. Ni kazi yake.

Hatua ya 5: Asilimia 2 ya mikopo

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili liliingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa mwaka 2018. Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji kwa sababu ya kasoro za usimamizi, na mwaka 2024 ikaurejesha kwa utaratibu mpya. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata na kuingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki.

Mtahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko la biashara. Idadi ya wanachama inayotakiwa kwa watu wenye ulemavu ni ndogo kuliko kwa makundi mengine, kwa hiyo msikubali kukataliwa kwa kuwa wachache kabla hamjasomewa kanuni inayotumika sasa.

Je, mkopo huu unafaa kwa usafiri? Unafaa, kwa masharti. Bajaji iliyofanyiwa marekebisho, yenye sakafu ya nyuma inayoshuka na mikanda ya kufungia kiti mwendo, inaweza kubeba abiria wote na kuingiza fedha mjini, Kihonda, Mazimbu hadi Bigwa. Kwenye barabara mbovu za mlimani, pikipiki ya matairi matatu ya mizigo, ambayo wengi huiita toyo, inastahimili zaidi, na inaweza kubeba mboga kushuka na abiria mwenye kiti mwendo kupanda. Marekebisho yafanywe kwa fundi anayejua uzito unavyokaa, na kabla hamjaagiza, ulizeni LATRA na askari wa usalama barabarani kama chombo kilichobadilishwa kitasajiliwa kubeba abiria. Wapo waliokopa kwanza wakauliza baadaye.

Andiko lenu lihesabu bila kujidanganya: mafuta, matairi, bima, leseni, marejesho, na siku ambazo mvua itafunga njia. Masika ya Machi hadi Mei lazima yaonekane kwenye hesabu kama miezi ya mapato madogo. Afisa atakayeona mmeliweka hilo atawaamini kuliko kikundi kilichoandika faida sawa kila mwezi.

Lakini niseme wazi: mkopo si mbadala wa bajeti. Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 1 ya mapato yanayohesabika kwa mikopo itatenga milioni 20 kwa watu wenye ulemavu wote wa eneo lake, kwa shughuli zote, kuku na cherehani zikiwemo. Hizo ni bajaji chache. Tena ni deni. Si haki mtu akopeshwe kununua chombo cha kumfikisha zahanati huku jirani yake akifika kwa barabara ya umma bila kudaiwa. Tumieni asilimia 2, na barua yenu ya TARURA iendelee kusukumwa siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Milango mingine

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya 2009, unasimamiwa na kamati ambayo mbunge ni mwenyekiti wake. Unafaa kazi ndogo zinazoonekana: kishikio, daraja la miguu, kibaraza cha kituo. Ombi lipitie kijiji na kata.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ina miradi ya ajira za muda ambapo jamii huchagua kazi, na njia za vijijini ni mojawapo ya kazi hizo. Kaya nyingi zinazopokea ruzuku huwa na mtu wa kufanya kazi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kusema kwenye mkutano kwamba kijia cha mwenye magongo kitangulie.

Zabuni ni mlango ambao haujatumika vya kutosha. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, watu wenye ulemavu wakiwemo, kupitia mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, NeST. Kikundi chenye bajaji mbili zilizorekebishwa kinaweza kuiomba Manispaa mkataba wa kusafirisha wagonjwa siku za kliniki au wanafunzi wa elimu maalumu. Cape Town ina huduma kama hiyo, Dial-a-Ride, ambapo mji hugharimia usafiri wa watu ambao hawawezi kutumia mabasi ya kawaida. Morogoro inaweza kuanza kwa siku moja ya juma, kwa hospitali moja.

Kwa anayeagiza gari au kifaa kutoka nje: sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyoundwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, pamoja na gari moja. Wasiliana na Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla ya kulipia chochote. Msamaha huombwa, haujileti.

Hatua ya 7: Kituoni na ndani ya gari

Njia ikishajengwa, bado kuna konda. Konda hulipwa kwa hesabu ya siku, tajiri anasubiri hesabu yake jioni, na dakika tatu za kumpandisha mtu na kiti mwendo anaziona kama hasara. Kuelewa hilo kunasaidia kuzungumza naye, ingawa hakumpi haki ya kukuacha. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yalilikwepa tatizo hili kwa ujenzi: kibaraza cha kituo kiko sawa na sakafu ya basi, mtu anaingia bila kuinuliwa. Hiace na Noah za Morogoro hazina hilo, kwa hiyo mpango uwe wa kituo: kibaraza cha kimo cha mlango wa gari kwenye vituo vichache vikubwa, kuanzia kile kilicho karibu na hospitali.

Ukiachwa, ukitukanwa au kiti mwendo chako kikitozwa kama mzigo, andika namba ya gari, njia, tarehe, saa na kiasi ulichotozwa. Lalamika kwa mmiliki au chama chao cha madereva kwanza; usiporidhika, nenda LATRA mkoa. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, lipo kwa ajili ya abiria. Malalamiko ya watu kumi kwenye njia moja, yakiwa na namba za magari, yanaweza kuwa hoja wakati leseni zinapohuishwa. Malalamiko ya simulizi hayafiki popote. Vyama vya watu wenye ulemavu mlivyonavyo, kama CHAWATA, TLB, CHAVITA na TAS, chini ya mwavuli wa SHIVYAWATA, viombeni viandike barua ya pamoja.

Hatua ya 8: Fuata fedha hadi zege ikauke

Bajeti kupitishwa siyo fedha kutoka. Baada ya Julai, andika kwa mkurugenzi au meneja wa TARURA ukiuliza kazi yenu imo kwenye kifungu gani, kwa kiasi gani, na zabuni itatangazwa lini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 kujibu. Itaje kwenye barua kwa adabu. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo kila bodaboda inayopanda Kinole inachangia. Unayo haki ya kuuliza.

Shinikizeni mkataba usainiwe mapema. Kazi ya mlimani ifanyike kati ya Julai na Oktoba. Ikianza Novemba, vuli itaikuta katikati, na Machi masika yatabeba kifusi chote hadi Ruvu.

Mkandarasi akifika, ombeni kuonyeshwa mchoro. Kamati yenu iwe na mtu mmoja wa kiti mwendo, mmoja asiyeona na mmoja wa magongo wanaopita kwenye kazi kila juma. Mteremko ukimwagwa vibaya, siku ya kusema ni ile ile, zege ikiwa mbichi. Siku ya makabidhiano msikubali kukata utepe kabla hao watatu hawajapita wenyewe bila kusaidiwa; yakiwepo mapungufu, yaandikwe kwenye hati ya makabidhiano.

Baada ya makabidhiano huwa kuna kipindi cha matazamio, ambamo sehemu ya malipo ya mkandarasi hubaki imezuiwa. Ulizeni kinaisha tarehe gani. Pitieni njia yote tena mara baada ya masika, mpige picha kila ufa, kila kishikio kilicholegea na kila kifuniko cha mtaro kilichovunjika, na barua yenu iwe imegongwa muhuri wa kupokelewa kabla ya tarehe hiyo.